Istilahi za Upigaji Picha za Tiba Wakati wa Shambulio la Kigaidi

Tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi peke yake walikufa watu zaidi ya 200, na maelfu walijeruhiwa. Wengi walikuwa wamekimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza. Mlipuko mkubwa ulipofuata, vioo viliwachoma usoni na machoni. Siku kama hiyo wapiga picha za eksirei hawana wasaa wa kuulizana maana ya neno. Kwa hiyo twaeleza hapa istilahi tatu zinazofaa kusawazishwa mapema.

Ya kwanza ni upambanuzi wa majeruhi. Wengine husema mchujo. Hatuliafiki neno hilo, kwa kuwa achujaye tui hutupa machicha, na hapa hakuna atupwaye. Kupambanua ni kuamua nani apigwe picha sasa, nani angoje, na nani apelekwe kwenye upasuaji bila kungoja picha.

Ya pili ni kitu kigeni, yaani kipande chochote kilichoingia mwilini kutoka nje. Chuma huonekana katika eksirei, na kioo aghalabu huonekana, ila vipande vidogo sana huweza kufichika; mti mara nyingi hauonekani. Basi taarifa isiandikwe "hakuna kitu kigeni", bali "hakikuonekana kitu kigeni". Tena, jicho linaloshukiwa kuwa na chuma lisipelekwe kwenye mashine ya picha za sumaku, kwani sumaku yaweza kukisogeza chuma hicho na kuliharibu jicho.

Ya tatu ni unururifu, ambao watu huuchanganya na mionzi. Bomu laweza kutiwa vitu nururifu ili kutawanya vumbi lake. Aliyepigwa eksirei amepitiwa na mionzi tu, hambukizi mtu. Lakini mwenye vumbi nururifu nguoni aweza kulieneza, na kumvua nguo huondoa sehemu kubwa ya vumbi hilo. Hata hivyo, matibabu ya kuokoa maisha yasicheleweshwe kwa sababu hiyo. Tukiyaita yote mawili mionzi, mhudumu ataogopa asipopasa kuogopa, na atazembea anapopasa kujihadhari.

Twapendekeza istilahi hizi zifundishwe vyuoni, zitumiwe katika mazoezi ya maafa, na zibandikwe ukutani katika vyumba vya eksirei. Neno lililokubaliwa mapema huokoa dakika, na dakika huokoa mtu.