Kikohozi kisichosikia dawa: Si kila mara ni kifua kikuu

MKAZI wa Kayole, Dandora au Umoja akikohoa kwa zaidi ya majuma mawili, jambo la kwanza analoambiwa zahanatini ni kutoa makohozi yapimwe kifua kikuu. Ndivyo ipasavyo, kwani ugonjwa huo huenea upesi penye nyumba zilizosongamana, na una tiba.

Taabu huanza dawa zinapokwisha na kikohozi kikabaki. Saratani ya mapafu nayo huleta kikohozi, damu kwenye makohozi, maumivu ya kifua na kukonda. Mashine ya GeneXpert hutafuta viini vya kifua kikuu, saratani haiioni. Mgonjwa anayerudishiwa dawa zile zile bila kupimwa zaidi hupoteza miezi isiyorudi.

Picha ya eksirei ikionyesha uvimbe, daktari hutoa kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye pafu ili kipelekwe maabara.

Jeni zilizoungana

Wengi husema: “Mimi sivuti sigara, saratani ya mapafu itanipata wapi?” Wapo wanaoipata. Mwaka wa 2007 mtafiti Hiroyuki Mano na wenzake nchini Japani walieleza kwamba katika baadhi ya saratani hizi, jeni mbili, EML4 na ALK, hukatika na kuungana visivyo. Huwa kama mfereji ulioharibika koki: seli huamriwa kuzaana mchana na usiku.

Hali hii hupatikana kwa wagonjwa kati ya 3 na 5 katika kila 100 wenye aina ya saratani ya mapafu iliyo ya kawaida zaidi. Wengi wao hawajapata kuvuta sigara, na umri wao ni mdogo kuliko wa wagonjwa wengine. Tangu 2011, Marekani ilipoidhinisha crizotinib, kuna tembe za kuzuia jeni hiyo. Lakini humfaa yule ambaye maabara imeuona muungano huo kwake.

Njia nne

Ya kwanza ni kupaka kipande hicho rangi inayonasa protini ya ALK. Hutumia darubini ya kawaida, ni ya bei nafuu kuliko nyingine, na kwa ALK hutegemewa.

Ya pili, iitwayo FISH, hutumia rangi zinazong’aa kuonyesha mahali jeni ilipokatika. Mtaalamu huhesabu angalau seli 50, na zikifika asilimia 15 zenye mkato, jibu ni “ndiyo”. Hutaka darubini maalum na jicho lililozoea, na haisemi ALK imeungana na jeni gani.

Ya tatu ni PCR. Ni ya haraka, ila huona tu miungano iliyotengenezewa kuitafuta. Muungano mgeni huipita.

Ya nne husoma jeni nyingi kwa pamoja, zikiwemo ROS1 na RET ambazo nazo huungana. Huona mengi zaidi, lakini ni ghali, huchukua muda mrefu, na hutaka nyama iliyohifadhiwa vizuri.

Uliza mapema

Kila kipimo hula sehemu ya kipande kile. Kikimalizwa, mgonjwa hana budi kutobolewa tena. Kipande kilichochelewa kutiwa formalini, au kilichokaa humo kupita saa 72, huweza kutoa jibu la kupotosha.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa wewe au jamaa yako ameambiwa ana saratani ya mapafu, muulize daktari mambo matatu: Je, jeni zimepimwa? Kwa njia gani? Na je, kipande kilichobaki kimewekwa wapi? Kwa kawaida maabara hukihifadhi ndani ya nta, na chaweza kupelekwa maabara nyingine bila mgonjwa kutobolewa upya.

Ukiambiwa “hakuna”, kumbuka kwamba ni hakuna kwa njia iliyotumika. Huenda njia nyingine ikaona. Na kikohozi kisichosikia dawa kisingoje mwezi mwingine. Rudi hospitalini.