Gurudumu Lisilo na Tyubu kwa Baiskeli ya Doria

Askari aijuaye njia ya Kasese hadi Bwera hahitaji kuelezwa maana ya mwiba. Barabara hiyo yaelekea kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, ikipita kando ya Mbuga ya Taifa ya Malkia Elizabeth, kisha yageuka magharibi kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambapo mto Lhubiriha watutenga na Kasindi ya Kongo. Nyika ya huko ina migunga, na mwiba wa mgunga hauulizi cheo. Kupata pancha jioni mahali ambapo tembo huvuka barabara si jambo la kuchekesha. Mtu huinama juu ya kiraka na solusheni huku mgongo wake ukielekea vichakani.

Taabu hii ni ya zamani kama tairi la upepo la baiskeli lenyewe, ambalo John Boyd Dunlop alilitengeneza mjini Belfast mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Askari wa Japani walioteremka Malaya kwa maelfu ya baiskeli mwishoni mwa 1941, matairi yao yalipoharibika, waliyavua wakaendelea juu ya rimu tupu; yasimuliwa kwamba kelele ile ya chuma usiku iliwafanya adui wadhani vifaru vinakuja. Hatuipendekezi njia hiyo kwa doria itakayo kwenda kimya.

Iko njia nyingine. Mwaka 1999 makampuni ya Ufaransa, yaani Mavic, Michelin na Hutchinson, yalileta magurudumu ya baiskeli za milimani yasiyotumia tyubu, na tangu hapo mafundi wamejifunza kugeuza hata rimu za kawaida. Ndani ya tairi hutiwa utomvu wa mpira wa majimaji. Mwiba ukitoboa, upepo huusukuma utomvu kwenye tundu, nao huganda na kuziba, mara nyingi kabla mpanda baiskeli hajatambua. Faida ya pili ni kwamba tairi laweza kujazwa upepo mdogo zaidi, likashika changarawe vizuri, bila hofu ya tyubu kubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili.

Kazi yenyewe yataka uvumilivu. Rimu husafishwa hadi isiwe na mafuta wala kutu, kisha matundu ya spoku hufunikwa kwa utepe maalumu uliovutwa kwa nguvu; hapo ndipo wengi huharibu, kwani kikunjo kimoja chatosha kuvujisha upepo usiku kucha. Vali hukazwa kwa vidole, si kwa koleo, ili iweze kufunguliwa porini. Kingo za tairi hupakwa maji ya sabuni, na upepo huingizwa kwa kishindo. Pampu ya mkono mara nyingi haitoshi, bali mashine ya kujaza upepo, kama ile ya kituo cha petroli, yafaa. Tairi likikaa mahali pake hulia kama risasi ndogo. Kamwe usizidishe upepo ulioandikwa ubavuni mwa tairi au kwenye rimu. Baada ya hapo utomvu hutiwa, kiasi cha mililita 60 hadi 120 kwa gurudumu, na gurudumu huzungushwa na kulazwa ubavu huu na ule.

Wala tusidanganyane: mambo haya si ya kila baiskeli. Zile kubwa za chuma za inchi 28, zibebazo magunia ya kahawa na ndizi, zina rimu ambazo kingo zake hazikuundwa kushika tairi bila tyubu, na chini ya mzigo mzito tairi laweza kuruka ghafla. Hizo ziachiwe tyubu zake. Hata kwa baiskeli ya milimani, tairi na rimu zilizotengenezwa kwa kazi hii ni salama kuliko za kubahatisha.

Katika joto la bonde la Kasese utomvu hukauka upesi, hivyo ukaguliwe kila baada ya miezi miwili. Tundu kubwa, au tairi lililochanwa ubavu na jiwe, halizibwi na utomvu wowote. Kwa sababu hiyo mfuko wa doria ubakie na pampu na tyubu moja ya akiba: vali hufunguliwa, miiba yote huondolewa kwa kupapasa ndani ya tairi, tyubu huingizwa, na safari ya Bwera huendelea.