Reko ya Mwaka Jana Ishakufa, Mwanangu

Ushagradi, gauni limerudishwa, picha ya mathe akilia imepanda status, na roho bado iko kwa udaktari. Mwaka jana uliaplai wakakubwaga. Sasa unajipanga upya, na kitu cha kwanza unasaka kwa simu ni ile PDF ya rekomendesheni ya zamani. Iache hapo hapo.

Kwanza tuekane rada. Kama unapitia KUCCPS na KCSE yako, hakuna mtu ana shughuli na barua. Ni gredi na klasta, kwisha maneno. Barua inaanza kukutoa jasho ukisaka skolashipu, ama ukiaplai nje. Uingereza udaktari unapitia UCAS, dedilaini 15 Oktoba, na kozi za udaktari unachagua nne pekee. Kila mwaka ni fomu mpya na maneno mapya ya refa, na refa hawezi kuwa ndugu, beshte wala eks wako. Marekani wana AMCAS: barua za msimu uliopita hazivuki, zinatumwa zote upya. Na huko shule kibao hazichukui mtu wa nje, kwa hivyo soma masharti kabla hujatoa ganji.

Sasa huku Likoni kuna imani ati barua ni tamu kulingana na ukubwa wa mwenye saini. Utamuona msee yuko mbio kwa mheshimiwa, kwa chifu, kwa imamu. Hizo ni za basari, bro. Chifu anajua kwenu ni Mtongwe na hali ya nyumbani iko vipi, lakini hajawahi kukuona umeinamia maikroskopu.

Aliyekuona ni lekchara, na lekchara alikuwa na darasa limefurika hadi dirishani. Ukimwendea mkono mtupu atakwambia, "Andika mwenyewe, uniletee nisaini." Wengi huchomeka hapa. Ukijiandikia, barua inaongea kama stetimenti yako neno kwa neno, na anayesoma hizi vitu kila siku ananusa haraka. Mtumie ukurasa mmoja wa kumkumbusha, na umwandikie kama mtu mwenye adabu:

"Daktari, habari za siku nyingi. Ulinifunza Mikrobiolojia mwaka wa tatu, na ripoti yangu ya maji ya visima uliirudisha mara mbili. Niliomba udaktari mwaka jana sikufaulu. Tangu hapo nimekuwa nikijitolea hospitalini. Je, unaweza kuniandikia barua yenye nguvu?"

Ushaona? Kukataliwa umekutaja waziwazi, maana huo mwaka wa katikati ndio mali yako. Kama umekuwa ukijitolea kwa hospitali kama ya Port Reitz, msake nesi inchaji aliyekuona na mgonjwa mkali saa nane usiku. Mwambie aandike hiyo usiku moja tu. Mimi naona barua yake inaweza kushinda ya profesa asiyekumbuka jina lako, bora shule iwe inakubali refa wa kazini, hasa kwa UCAS ambako refa ni mmoja tu.

Lekchara akisitasita, shukuru uishie kwa mwingine. Barua vuguvugu itakumaliza.

Alafu mambo ya tarehe. Mwaka 2025 malekchara wa vyuo vya serikali waligoma kuanzia Septemba mpaka mapema Novemba, na 15 Oktoba ikapita katikati. Omba Agosti. Uliza anatumia imeli gani, maana kuna portali hazipendi Yahoo, zinataka ya chuo. Linki ikitumwa, mwambie acheki hadi kwa spamu.

Na ukimkumbusha, pigia simu asubuhi kabla hajaingia darasani. Sio Ijumaa saa sita na nusu, mtu yuko njiani msikitini na wewe unamuuliza mambo ya portali.