Mwanamuziki msafiri: Punguza mzigo, okoa masikio

Kijana mmoja aliingia kliniki yangu mjini Mandera akiwa na malalamiko mawili. Mgongo ulimuuma, na masikio yalimlia.

"Adeer," aliniambia, akinipa heshima ambayo Wasomali humpa mtu wa rika la ami yake, "kila usiku nasikia nyenje. Namwuliza mke wangu, ananiambia hakuna nyenje."

Kijana huyu ana umri wa miaka 24. Hupiga kinanda cha umeme harusini na hutunga muziki wake mwenyewe kwa mitambo. Kazi humpeleka Rhamu, Takaba na El Wak, na mara nyingine hadi Garissa na Eastleigh, Nairobi. Begi lake alikuwa nalo mlangoni. Nililiweka kwenye mizani ya wagonjwa: kilo 19. Kisha nikampima mwenyewe: kilo 58.

Tulivitoa vitu vyote na kuvipanga juu ya kitanda cha wagonjwa. Kulikuwa na kinanda cha vitufe 61, kipakatalishi cha zamani, miksa, spika mbili, rundo la nyaya, na vile visikizio vidogo vya kuchomeka ndani ya tundu la sikio. Chupa ya maji haikuwemo. Alisema haikupata nafasi.

Msomaji, huenda wewe hupigi kinanda. Lakini ukisafiri ukisikiliza muziki kwenye simu, au mwanao akifanya hivyo, basi habari hii inakuhusu.

Masikio kwanza

Ndani ya sikio kuna kiungo kilichojiviringa kama konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana, zipatazo 15,000 katika kila sikio, ambazo hupokea mitetemo ya sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele nyingi huzichosha. Zikipumzishwa mapema huweza kupona, lakini zikishakufa haziote tena. Hakuna dawa ya matone wala sindano ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 wenye umri wa kati ya miaka 12 na 35 wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya muziki na kelele nyingine za starehe. Mwongozo wa shirika hilo ni rahisi kukumbuka. Sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuisikiliza kwa saa 40 kwa wiki. Kila inapopanda desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Ikifika desibeli 90 zimebaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Ikifika 100 ni dakika 20. Mtu anayekaa karibu na spika za harusi anaweza kumaliza kipimo chake cha wiki kabla bibi harusi hajaingia.

Nilimwuliza kijana husikiliza vipi akiwa safarini. Alisema hutunga muziki ndani ya basi, na kwa sababu ya mngurumo wa injini hupandisha sauti hadi mwisho. Chanzo cha nyenje wake kilikuwa hapo, pamoja na zile spika za harusini.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kuchagua si kinanda. Ni hedifoni za kufunika sikio zima, zilizozibwa upande wa nje. Hizi huzuia sehemu ya kelele za basi au jenereta, nawe huna haja ya kushindana nazo kwa kupandisha sauti. Zipo pia zenye mtambo wa kuzima kelele, ambazo hufaa sana safarini, ila bei yake ni kubwa na hutaka kuchajiwa. Ukizivaa na bado huwezi kusikiliza bila kuvuka kiasi cha asilimia 60 ya sauti ya simu, acha kazi hiyo mpaka gari lisimame.

Vile visikizio vidogo vina tatizo jingine katika joto letu. Huzuia hewa, jasho hubaki ndani na ngozi ya tundu hulainika, na hapo vijidudu huingia kwa urahisi. Usiviazime kwa mwenzako. Vifute vyako kwa kitambaa chenye spiriti kidogo na uviache vikauke kabla ya kuvivaa.

Kipi kibaki, kipi kiondoke

Kufanya muziki kwa mzigo mdogo si jambo geni. Mwaka 1990 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa QY10, mtambo wa kutungia muziki wenye ukubwa wa kanda ya video, uliotumia betri. Leo simu ya kawaida hufanya zaidi ya hayo. Programu kama FL Studio Mobile na BandLab humwezesha mtu kupanga ngoma, besi na kinanda, kurekodi sauti yake na kuchanganya vyote kwenye simu.

Sisi Wakenya tunaye Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi, ajulikanaye kama KMRU, mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri aliyeitwa jina hilo hilo. Muziki wake umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya sauti anazorekodi mwenyewe katika mazingira anamopita. Kazi ya namna hiyo huanza na rekoda ndogo na sikio zima, si na lori la mitambo. Mradi wa Singing Wells, ulioanza mwaka 2011 kwa ushirikiano wa Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music, umezunguka Afrika Mashariki na studio kamili ya safari. Lakini hao ni timu yenye magari. Wewe una mabega mawili.

Tukakubaliana na kijana kwamba kinanda kikubwa, miksa na spika vibaki Mandera kwa kazi za harusi za hapa mjini, na akialikwa mbali akodishe huko huko. Begini tulirudisha simu, hedifoni, kinanda kidogo cha vitufe 25 kinachotumia umeme wa simu au kompyuta (vya aina hii vingi havifiki kilo 1), rekoda ndogo, pawabenki moja na nyaya tatu. Kipakatalishi nacho kilibaki nyumbani. Vyote havikufika kilo 3.

Kanuni tunayoitumia, hasa kwa watoto wa shule, ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili. Kwa kijana wa kilo 58 hiyo ni kama kilo 6 hadi 9. Maana yake alibakiwa na nafasi ya nguo, na lita 3 za maji. Safari ya kutoka Mandera hadi Nairobi ni kama kilomita 1,000, ikipita El Wak, Wajir na Garissa. Gari likiharibika katikati ya nyika saa saba mchana, kinanda hakinyweki.

Joto, vumbi na maswali ya njiani

Joto la Mandera hupita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka, na watengenezaji wengi wa simu hushauri zisitumiwe katika joto linalozidi hapo. Usiache simu wala pawabenki ndani ya gari lililofungwa juani, wala usiziweke kwenye keria ya basi. Betri iliyovimba usiichaji, iondoe. Ukisafiri kwa ndege, pawabenki hukaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mizigo ya chini. Vumbi nalo huzuiwa na mfuko wa plastiki wenye zipu.

Pia, barabara zetu zina vizuizi vingi vya usalama. Kisanduku chenye nyaya na taa huleta maswali. Beba vitu vichache unavyoweza kuviwasha na kuvieleza, pamoja na risiti zake. Na ukishuka garini, vua hedifoni kabla ya kuvuka barabara.

Zingatia haya

1. Harusini, vaa viziba masikio vya sponji na usikae mbele ya spika. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili sauti hupungua kwa desibeli kama 6.

2. Kila saa moja ya kusikiliza, yape masikio mapumziko ya dakika 10. Nyoosha shingo na mgongo pia.

3. Usichokoe sikio kwa kijiti, ufunguo wala pamba.

4. Mlio ukidumu zaidi ya siku mbili baada ya kelele, mwone daktari. Sikio moja likiziba ghafla bila sababu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana matibabu hufaa zaidi yakianza mapema.

Kijana wetu nilimtuma Nairobi akapimwe usikivu kwa mashine. Majibu yalionyesha kuwa sauti nyembamba za juu zimepungua katika masikio yote mawili, kama tuonavyo kwa watu walioumizwa na kelele. Kilichopotea hakitarudi. Aliporudi kuniona baada ya miezi minne, mgongo ulikuwa umepona na nyenje walikuwa wamepungua, ingawa hawajaondoka. Begi lilikuwa begani, na chupa ya maji ikichungulia mfukoni. Sikumwomba aliweke kwenye mizani.