Shawa ya Umeme na Maji ya Chumvi: Kazi ya Mwenye Nyumba Inapokomea

Katika nyumba nyingi za Mnarani, Kilifi, zenye stima, maji ya moto ya kuoga hutoka kwenye kichwa cha shawa chenyewe. Ni chombo cha plastiki kisichozidi bakuli kwa ukubwa. Ndani yake mna waya uliojikunja, na maji hupata moto yakiupitia kwa muda mfupi kabla ya kumfikia mwogaji. Shawa za aina hii zilianzia Brazil, na jina la Lorenzetti limezoeleka katika maduka ya vifaa vya ujenzi kote Kenya. Bei yake ni nafuu, haichukui nafasi, na haili stima kwa kutunza moto maji yasiyotumiwa na mtu. Hatari yake ni kwamba inakutanisha umeme, maji na mwili usio na nguo, na katika pwani hii maji hayo mara nyingi huwa na chumvi. Shawa inapogoma, mwenye nyumba hujiuliza kama airekebishe mwenyewe au amwite fundi. Jibu ninalolitetea ni hili: kasoro inayoonekana kwa macho baada ya umeme kuzimwa ni ya mwenye nyumba, na kasoro isiyojulikana mpaka ipimwe ni ya fundi mwenye kipimo. Ujasiri wa mtu au wepesi wa mikono yake hausogezi mpaka huo.

Upande wa mwenye nyumba ni mpana kuliko wengi wanavyodhani. Malalamiko yanayosikika zaidi ni kwamba maji yanatoka lakini hayapati moto, na mara nyingi chanzo chake si umeme. Ndani ya shawa mna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ili kiunganishe umeme. Msukumo ukiwa hafifu, kiwambo hakifiki na waya haupati moto. Shawa nyingi zinahitaji tangi lililo juu yake kwa mita moja au zaidi, na nyumba ya chini yenye tangi lililowekwa usawa wa dari inaweza kukosa kimo hicho. Basi angalia kwanza kama tangi lina maji, kama koki imefunguliwa yote, na kama chujio halijazibwa na mchanga. Kisha tazama sahani ya matundu. Maji yanayopita kwenye mwamba wa matumbawe huyeyusha chokaa, na yakipashwa moto chokaa hiyo huganda kama ukoko mweupe. Zima umeme kwenye breka, usitegemee kitufe cha shawa peke yake, kisha ifungue sahani, iloweke katika siki au maji ya ndimu kwa saa chache na uisugue kwa mswaki. Baada ya mfereji kukauka kwa siku kadhaa, yaache maji baridi yatiririke mpaka hewa yote itoke bombani ndipo uwashe, kwa kuwa shawa ikiwashwa bila maji ya kutosha waya wake huungua. Breka nayo ikijizima, irudishe mara moja tu. Ikijizima tena, kazi yako imeishia hapo.

Chumvi ndiyo inayoifanya kazi hii kuwa tofauti hapa na ilivyo Nairobi au Eldoret. Maji ya bomba ya Kilifi hutegemea visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, ambavyo pia hulisha Malindi na Mombasa. Maji hayo yanapokatika, watu hurudia visima vya karibu au hununua maji ya boza. Visima vilivyo karibu na bahari vina tabia yake: maji matamu ni mepesi kidogo, hivyo hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyopenya mwambani, na pampu ikivuta kwa nguvu chumvi hupanda. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji yakishachanganyika hata na sehemu ndogo ya hiyo, hupitisha umeme kwa wepesi zaidi kuliko maji ya bomba. Katika shawa ya kawaida waya wa moto uko wazi na unagusana na maji, kwa hiyo kiasi fulani cha umeme husafiri ndani ya maji yenyewe. Maji yakiwa matamu, kiasi hicho ni kidogo mno. Yakiwa ya chumvi, huongezeka. Ndiyo maana madukani kuna shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, ambazo waya wake umefunikwa usiguse maji. Nyumba inayotumia maji ya Baricho kwa miezi tisa na ya kisima kwa mitatu inapaswa kuchagua shawa kulingana na ile miezi mitatu.

Hata shawa inayofaa ikichaguliwa, bado kuna jambo ambalo macho hayawezi kulithibitisha. Shawa ya wati 5,000 kwenye umeme wa volti 240 huvuta karibu ampea 21, wakati soketi ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13. Kwa hiyo inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku cha breka, kwa kawaida wa milimita 6 za mraba, pamoja na breka yake yenyewe, tuseme ya ampea 32. Hapo wengi hudhani wamekwisha kujilinda. Kazi ya breka hiyo ni kuzuia waya usiungue na kuiteketeza nyumba. Mwanadamu anaweza kuuawa na umeme mdogo mno kuliko huo, na ndiyo maana kifaa cha kumlinda, ambacho mafundi hukiita RCD, hutegwa kikate umeme pindi ampea 0.03 zinapovuja. Gawanya 32 kwa 0.03 utapata zaidi ya 1,000. Breka inaweza kutulia kabisa huku mtu akipigwa na umeme bafuni, na haitakuwa imeharibika, kwa sababu haikuundwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo yeyote anayehisi mwili ukimtetemeka kidogo anaposhika mfereji wakati shawa inawaka asiridhike kuvaa ndara na kuendelea kuoga. Mtetemeko huo unamwambia kwamba umeme umepata njia ya kutokea na kwamba njia hiyo inapita ndani ya mwili wake.

Njia inayopaswa kuubeba umeme huo ni waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, unaotoka kwenye shawa hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini nje ya nyumba. Mnarani imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba mkavu haupokei umeme vizuri kama udongo wenye unyevu. Fimbo hupigiliwa kwa taabu, na ikiwa fundi ataikata kipande ili amalize kazi, hakuna atakayejua baada ya shimo kufukiwa. Hewa ya bahari nayo hula kiungo kati ya waya na fimbo mwaka hadi mwaka. Zamani mabomba ya chuma yaliyozikwa ardhini yaliweza kuupa umeme uliovuja njia nyingine, hata kama hayakuwekwa kwa nia hiyo. Leo mabomba mengi ni ya plastiki na njia hiyo haipo. Juu ya hayo, waya wa kijani unaweza kuonekana vizuri kwenye shawa ilhali umekatika ndani ya ukuta. Mtu anaweza kuutazama kutwa nzima asijue. Kipimo hujibu kwa dakika chache, kwa namba. Wapo wanaoukata waya huo kwa makusudi kwa sababu RCD inajizima kila shawa inapowashwa. Hao wameiacha kasoro pale pale na kukiondoa kile kilichokuwa kikiwaonya.

Pingamizi la kwanza ni gharama. Mtu husema hawezi kumlipa fundi pesa nyingi kuliko bei ya shawa yenyewe. Hesabu hiyo ina kosa moja: inaichukulia shawa kama ndiyo kitu kinachotengenezwa. Shawa hukaa miaka michache, ikaungua na kubadilishwa. Waya mnene, RCD na fimbo ya ardhi hubaki na nyumba kwa muda mrefu, na huilinda pia friji, pasi na pampu ya maji. Malipo ya fundi yagawanywe kwa vitu hivyo vyote na kwa miaka hiyo yote. Katika nyumba za kupanga, mzigo huu haufai kuangukia mpangaji, kwa kuwa hana ruhusa ya kugusa waya zilizo ukutani wala hatahama nazo. Mwenye nyumba anayetoza kodi ya nyumba yenye shawa ya moto ana wajibu wa kuhakikisha njia yake ya umeme imepimwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mafundi wenyewe hubahatisha. Ni kweli, na ndiyo maana nilisema fundi mwenye kipimo. Nchini Kenya, mtu anayefanya kazi ya kutia stima majumbani hutakiwa awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, na leseni hizo zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Mwambie akuonyeshe yake. Kisha muulize atapima nini, kwa chombo gani, na akuandikie matokeo. Anayekuja na bisibisi na testa pekee anaweza kukuambia kama waya una umeme, lakini hawezi kukuambia kama ardhi yako inapokea umeme inavyotakiwa, wala kama RCD inakata kwa wakati. Huyo hajakuzidi kwa lolote katika jambo hili, hata akiwa na miaka mingi kazini.

Wengine huona afadhali kuhamia sola na kuachana na hofu hii. Hatua hiyo ni njema. Jua la Kilifi halina uhaba, na mwaka 2012 serikali ya Kenya ilitoa kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yatumie joto la jua. Mpaka wetu, hata hivyo, hauondoki. Kusafisha vumbi na chumvi kwenye vioo na kutazama kama kuna mahali panavuja ni kazi ya mwenye nyumba. Vali ya usalama ikidondosha maji, usiizibe kamwe, kwa kuwa ndiyo inayozuia tangi lisipasuke. Fimbo ya magnesiamu iliyowekwa ndani ya tangi ili iliwe na kutu badala ya chuma huisha upesi kwenye maji ya chumvi, na kuikagua ni kazi ya fundi. Matangi mengi yana pia koili ya umeme ya siku za mawingu, na hapo maswali yale yale ya waya, ardhi na RCD hurudi. Isitoshe, maji yaliyofikia nyuzi 60 humchoma mtu mzima kwa sekunde chache, na mtoto kwa muda mfupi zaidi.

Mwisho kuna anayeuliza pwani yenye joto ina haja gani ya maji ya moto. Wanaoyahitaji ni mama aliyejifungua anayekandwa, mzee mwenye maumivu ya viungo, mtoto mchanga, na mgonjwa katika miezi ya kusi. Hao ndio wenye nguvu ndogo ya kuhimili umeme ukivuja, na ndio wasioweza kujitoa bafuni haraka. Kwa ajili yao, kabla ya kubadilisha shawa nyingine iliyoungua, nyumba ijibu maswali matatu: maji yetu mabaya zaidi kwa mwaka yana chumvi kiasi gani, je, RCD ipo na inakata, na waya wa ardhi ulipimwa lini. La kwanza unaweza kuanza kulijibu mwenyewe kwa kuonja maji ya kisima. Mawili yaliyobaki yanahitaji namba iliyoandikwa, na ikiwa namba hiyo haipo nyumbani kwako, sababu ya kumwita fundi tayari unayo hata kama shawa inawaka vizuri leo.