Toboa nazi, usimwage maji!

Juzijuzi binamu yangu alidondoka na bodaboda pale Majengo, Moshi. Kofia ngumu? Ilikuwa inaning'inia kwenye usukani! Damu ikavia ndani ya fuvu, daktari akatoboa kuitoa. Kapona, tunashukuru Mungu.

Nikajiuliza: huyu daktari alijifunzia kichwa cha nani? Kumbe kuna vichwa bandia! Kampuni ya UpSurgeOn ya Italia hutengeneza fuvu gumu lenye ubongo laini ndani. Daktari mwanafunzi anatoboa, anakosea, anarudia. Kule Brazil wamejaribu hata nazi.

Basi nikaazima keekee kwa fundi jirani. Kazi ni kutoboa kifuu bila kufikia maji. Wapi! Nazi ya kwanza, maji mpaka kwenye shati. Ya pili, vilevile. Ya tatu ndipo mkono ukajua: kifuu kikiisha, keekee hulegea ghafla. Hapo hapo simama!

Sasa zile mbili za mwanzo zingekuwa kichwa cha binamu? Kwa hospitali kama KCMC, inayotibu watu wa Kaskazini tangu 1971, kichwa bandia si mwanasesere. Na wewe mshkaji, kofia ni ya kichwani, siyo ya usukani. Au siyo?