Jiki, javeli, klorini: ijue dawa iliyo kwenye chupa

(MUZIKI WA KIPINDI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA CHINI YA SAUTI)

MTANGAZAJI: Uwe unatusikia ukiwa Nakivale, Kyaka, Kyangwali au Rwamwanja, au uwe nasi hapa hapa Kampala, sogeza kiti. Leo tunazungumza juu ya kitu kinachouzwa karibu kila duka: jiki. Mmoja wenu ametuuliza, "Nilipofika kambini nilipewa vidonge vya klorini vya kutia kwenye maji ya kunywa. Dukani nikaona jiki, ina harufu ile ile. Je, ni kitu kimoja? Vidonge vikiisha, nitie jiki?" Swali zuri, na jibu lake linaweza kuokoa mtoto. Nipo na mama mmoja mhamasishaji wa afya, mkimbizi kama ninyi, anayeishi Katwe. Karibu, mama.

MAMA WA AFYA: Asante, mwanangu. Nianze na jina, maana jina ndilo linalotuchanganya. Mimi nimekulia Bukavu. Kwetu tulisema javeli. Nimefika Uganda nikakuta wanasema jiki. Watu wa Tanzania wengine wanasema blichi. Hospitali wanasema klorini. Nilidhani ni dawa nne.

MTANGAZAJI: Kumbe?

MAMA WA AFYA: Ni ukoo mmoja. Javel ni mahali, pembeni mwa mto Seine huko Paris. Miaka ya 1780 mwanasayansi Mfaransa, Berthollet, aligundua kwamba klorini inang'arisha kitambaa, na kiwanda cha Javel kikaanza kutengeneza maji ya kung'arishia nguo. Wabelgiji wakatuletea jina hilo Kongo. Jik nayo ni jina la bidhaa tu, kama watu wanavyoita kila sabuni ya unga Omo.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo mwanzo ilikuwa dawa ya nguo.

MAMA WA AFYA: Ya nguo. Kuua vijidudu kulijulikana baadaye. Na kazi hizo mbili zinafanana: inashambulia rangi ya doa mpaka rangi ivunjike, na inamshambulia kijidudu namna hiyo hiyo. Lakini haina macho. Haijui hiki ni kijidudu, hiki ni tope, hiki ni koo la mtoto. Inashambulia chochote inachokutana nacho, na kila inaposhambulia inakwisha nguvu.

MTANGAZAJI: Hebu tulia hapo. Inakwisha nguvu?

MAMA WA AFYA: Ndiyo, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteza pesa. Unamwaga jiki juu ya sakafu yenye matope, harufu inapanda, unasema nimeua. Hujaua. Jiki imepigana na matope ikachoka kabla ya kumfikia kijidudu. Osha kwanza kwa sabuni na maji, suuza, ndipo upake jiki. Halafu iache dakika kumi ikiwa mbichi, usiifute. Jua na joto pia vinaiua. Ukiichanganya na maji asubuhi, ya kesho changanya upya.

(SAUTI: MAJI YAKIMIMINWA KWENYE BESENI)

MTANGAZAJI: Tuchanganye basi. Nina chupa hapa.

MAMA WA AFYA: Kabla ya yote soma namba. Chupa nyingi za dukani hapa zimeandikwa asilimia 3.5. Kama ni 3.5, chukua kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Tanguliza maji, jiki ifuate, isikurukie machoni. Maji yawe ya baridi. Huo ndio mchanganyiko mkali wa kuoshea sakafu, choo au beseni pale mtu anapoharisha vibaya au panaposhukiwa ugonjwa mkubwa.

MTANGAZAJI: Na kama chupa imeandikwa asilimia 5?

MAMA WA AFYA: Kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji. Na kama haikuandikwa kitu, mimi siinunui. Hapa mjini utakuta jiki ya kupimiwa, inatiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Bei ni nzuri, sikatai. Lakini hujui nguvu yake, hujui imekaa juani siku ngapi.

MTANGAZAJI: Mikono je? Wakati wa Ebola tuliona ndoo zenye bomba kila mlango.

MAMA WA AFYA: Tuliziona mwaka 2022 ugonjwa ulipoanzia Mubende, tukaziona tena hapa Kampala mwanzoni mwa 2025. Maji yale ni mepesi sana: chukua kikombe kimoja cha ule mchanganyiko mkali niliousema, ongeza vikombe tisa vya maji. Lakini nisikudanganye, kama una sabuni, sabuni inatosha na haikwaruzi ngozi. Na watu wasinyunyiziwe klorini mwilini. Inaumiza macho na mapafu, na haitibu mtu aliyekwisha kupata ugonjwa.

MTANGAZAJI: Matapishi ya mgonjwa wa kipindupindu?

MAMA WA AFYA: Hayo yanataka dawa kali kuliko hiyo, na glavu. Usiyashike mwenyewe kama kuna wa kukusaidia: mwite VHT au mpigie mtu wa kituo cha afya, na mgonjwa aende kituoni mara moja huku akinywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS. Kipindupindu hakisubiri kesho.

MTANGAZAJI: Walio Kyangwali wanalijua hilo.

MAMA WA AFYA: Wanalijua kuliko mimi. Februari 2018 ndugu zetu walikuwa wanakimbia Ituri, wanavuka Ziwa Albert kwa mashua, wanashukia Sebagoro. Ziwa lile lile wanalochota, ndilo lile lile lenye uchafu. Kipindupindu kikaingia, kikapanda mpaka makazi ya Kyangwali, watu wakafa. Na kuna mtu alikufa akiwa na maji safi karibu, ila aliyakataa kwa sababu yananuka dawa.

MTANGAZAJI: Malalamiko hayo tunayapata mpaka leo. "Maji ya bomba yananuka."

MAMA WA AFYA: Harufu ile ndogo ndiyo mlinzi. Klorini inayotiwa kwenye tangi inafanya kazi yake, na kidogo inabaki makusudi ili iyalinde maji ndani ya jerikani yako njiani na nyumbani. Maji yasiyonuka kabisa yanaweza kuchafuliwa na kikombe kimoja kichafu. Kama harufu inakushinda, yahamishe mara mbili tatu kati ya vyombo viwili safi, kisha yafunike. Itapungua.

MTANGAZAJI: Sasa turudi kwa aliyeuliza. Vidonge vimeisha. Atie jiki?

MAMA WA AFYA: Hapana. Vidonge na dawa ya maji ya chupa kama WaterGuard vimepimwa kwa ajili ya tumbo: kidonge kilichoandikwa lita 20, jerikani moja ya lita 20, funika, subiri nusu saa. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza. Jiki ya dukani imepimwa kwa ajili ya nguo na sakafu. Nyingine ina manukato. Na ukikosea kipimo kwa mkono, hutajua mpaka mtu aumie. Vidonge vikiisha, chemsha. Kuni zikikosekana, niambie nikuombee vidonge, lakini jiki usitie.

MTANGAZAJI: Na wale wanaosema inatibu mtu ndani?

MAMA WA AFYA: (ANACHEKA KIDOGO) Hao! Mwaka 2019 iliripotiwa hapa hapa Uganda, watu wanagawiwa maji ya muujiza, wanaambiwa yanatibu malaria, UKIMWI, saratani. Ndani yake ilikuwa dawa ya kundi hili hili la kung'arishia, inayotumika viwandani. Halafu 2020 uvumi ukarudi na korona. Inayochubua doa kwenye shuka ndiyo hiyo hiyo inayochubua utumbo. Na dada zangu mnaotia jiki kwenye mkorogo wa uso, mnanisikia. Ngozi inaungua, haing'ai.

MTANGAZAJI: Kuna la kuchanganya pia.

MAMA WA AFYA: Hilo nitalisema polepole. Usichanganye jiki na kitu kingine chochote ila maji. Siki, ndimu, dawa kali za kusafishia choo: ukizitia kwenye jiki unapata hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Sisemi choo chako kitakuwa uwanja wa vita, lakini choo kidogo chenye mlango uliofungwa kinatosha kukuangusha. Mkojo wenyewe ukikutana na jiki kali unatoa hewa inayowasha macho. Kwa hiyo mwaga maji kwanza, acha mlango wazi, na ukianza kukohoa, toka nje.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Mama, kabla hatujaanza kurekodi ulinionyesha chupa ya soda.

MAMA WA AFYA: Ndiyo. Mtoto wa jirani yangu, miaka mitatu. Mama yake alinunua jiki ya kupimiwa, akaiweka chini ya meza kwenye chupa ya soda. Mtoto alikuwa na kiu. Mama alisikia kilio, akakimbia, akataka kumtia kidole kooni atapike.

MTANGAZAJI: Ukafanyaje?

MAMA WA AFYA: Nikamshika mkono. Dawa inayounguza ikishuka inaunguza, ikipanda inaunguza mara ya pili. Usimtapishe mtoto, wala usimpe ndimu. Mdomo tuliusuuza, tukampa maji kidogo kidogo kwa kuwa aliweza kumeza, tukapanda boda mpaka kituo cha afya, na chupa tukaibeba ili daktari aone na anuse. Ingemrukia jichoni, tungemwagia maji safi dakika kumi na tano au ishirini bila kuacha, hata alie vipi.

MTANGAZAJI: Mtoto?

MAMA WA AFYA: Alilegea midomo na koo siku kadhaa, akala uji tu. Sasa anakimbia. Wapo wasiopata bahati hiyo.

MTANGAZAJI: Na chupa yenyewe umeifanya nini?

MAMA WA AFYA: Nimeikata shingo. Sasa ni mrija wa kumiminia maji kwenye jerikani. Jiki ya mama yule iko kwenye chupa yake ya dukani, yenye namba, imening'inia msumarini juu ya mlango.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, UNAFIFIA)